Milio Kumi na Saba Katika Wimbo wa Zablon

Vijana mnaobaki dukani mmeniomba niwaachie maneno machache kuhusu kazi kabla sijasahau. Sijasahau kitu, wala sina mpango wa kusahau, lakini nimekubali. Sikuingia darasani hata siku moja, kwa hiyo mimi nasema na mjukuu wangu Faith anaandika. Nimemwagiza asipambe. Akimaliza atanisomea yote kwa sauti, na neno lolote ambalo si langu nitalisikia, kwa maana kusikia ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana wangu hadi mwezi uliopita.

Vyeo sitavitaja. Nilikuwa na cheo kimoja tu, nacho kilikuwa jina: Mama Berita wa pale kwa rekodi.

Baba yangu alitoka magharibi akaajiriwa na reli hapa Nakuru, na kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Gari moshi likisimama, alitembea kando ya mabehewa akiwa na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga kila gurudumu mara moja na kusikiliza. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hujibu kama sufuria iliyopasuka, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Kaka zangu walipelekwa shule. Mimi nilipelekwa kwa magurudumu, kumbebea baba chupa ya chai. Nilipofika umri wa kuvunja ungo niliweza kumwambia, nikiwa nimegeuka upande mwingine, ni gurudumu la ngapi lililougua. Kaka zangu walipata vyeti. Sijui waliviweka wapi.

Siku niliyofika kwa Mzee Gitau, mwenye duka la rekodi nyuma ya soko, nilikwenda kutafuta kazi ya kufagia. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kreti la sahani za santuri, zile nzito za zamani zinazovunjika kama vyombo vya mezani, akiwalaani watu wa mizigo. Niliokota sahani moja, nikaitundika kwenye kidole kupitia tundu lake, nikaigonga kwa ukucha.

"Hii imepasuka," nikasema.

"Imepasuka wapi? Mimi sioni kitu."

"Iinue juani."

Aliiinua, akaona ufa mwembamba kama unywele. Hakusema asante. Alisukuma kreti zima kuelekea kwangu kwa mguu, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Ninyi mliletwa na barua tatu za kuwasifu, na bado mnashika sahani kwa kuibana katikati ya mifereji kama mnashika chapati.

Aliyenifunza ni Fundi Ochieng', ambaye alitengeneza redio na mashine za santuri katika chumba cha nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa matusi kwa waya. Alinifundisha kufuta sahani kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kufuata mzunguko na kamwe si kukatiza. Kupima uchovu wa sindano kwa kusikiliza herufi ya "s" katika sauti ya mwimbaji. Na kutomwamini mteja anayesema mashine yake "imeacha tu kuimba yenyewe". Hakuna mashine inayoacha yenyewe. Kuna chai ndani, au kuna mende, au kuna mtoto wa mteja.

Siku yangu ya nane kazini nilifanya kosa ambalo sikumwambia mtu hadi mwaka huu.

Wakati huo palikuwa na mpiga gitaa mmoja, Zablon, mfanyakazi wa kiwanda cha unga, ambaye bendi yake ya watu wanne ilikwenda Nairobi ikarekodi wimbo kuhusu mtu anayedaiwa mahari na mashemeji wasiokwisha. Sahani ndogo ya wimbo huo ilipoletwa dukani, nilipewa niijaribu. Katika ubeti wa pili gitaa linapanda mahali fulani kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Nilitaka kuisikia tena. Badala ya kuinua sindano na kuirudisha, niliivuta nyuma kwa kidole, ikiwa bado juu ya sahani. Ilikata mifereji kama jembe. Nilipoicheza tena, katika ubeti wa pili kulikuwa na mlio: tik, kisha tik, kisha tik, mmoja kwa kila mzunguko. Niliihesabu. Milio kumi na saba, kisha kimya.

Fundi Ochieng' alisikia akiwa chumba cha nyuma. Alikuja, akatazama sahani, akanitazama mimi. Mzee Gitau alipouliza, alijibu kwamba sindano ya mashine ilikuwa mbovu na yeye ndiye aliyeiweka. Mzee alimkaripia mbele ya wateja. Baadaye Fundi aliniambia, "Mimi nimeibeba lawama mbele ya Mzee. Wewe utaibeba masikioni." Hakulitaja jambo hilo tena hadi alipofariki.

Niliibeba, tena kwa uzito ambao hakuutarajia, kwa sababu nakala nyingine za wimbo huo ziliuzwa zote, na iliyobaki dukani ikawa ile yangu. Kisha zikaja kaseti. Wateja walileta kaseti tupu, nasi tuliwarekodia nyimbo walizotaka kutoka kwenye sahani zetu. Wimbo wa Zablon ulipendwa kuliko zote. Niliurekodi kwa madereva wa malori, kwa walimu wa Molo, kwa wakulima wa Subukia, na kwa wachuuzi wa Sachangwan waliozirudufu kaseti zetu na kuziuza kando ya barabara. Kila nakala ilikuwa na milio yangu kumi na saba. Watu walizaliwa, wakakua, wakaoa, wakiisikia milio hiyo na kuamini kwamba ni sehemu ya muziki. Palikuwa na mpiga ngoma mmoja wa Bahati ambaye bendi yake iliucheza wimbo huo kwenye harusi, na alipofika ubeti wa pili aligonga ukingo wa ngoma kwa kijiti mara kumi na saba, akikiuka mdundo wa wenzake kwa makusudi, kwa uso wa mtu anayefanya jambo la kina. Alisifiwa sana. Mimi nilikuwa mgeni kwenye mojawapo ya harusi hizo, na nilishindwa kula wali.

Wakati huohuo nilipata sifa ya sikio lisilokosea. Niliwafukuza vijana watatu kwenye meza ya kurekodia kwa kukwaruza sahani. Mmoja alilia. Namwomba radhi hapa, ingawa alistahili.

Kaseti zikafa, zikaja sidii, sidii zikafa, na muziki ukaingia kwenye simu ambako kila mtu aliupata bila sisi. Mzee Gitau alifariki. Nilidhani duka limekwisha. Ndipo mwanawe, Ken, akarudi kutoka ng'ambo na jambo jipya: muziki wa ubora wa juu kabisa, ambao yeye na wenzake huuita hai-res. Alizifunika kuta za chumba cha Fundi Ochieng' kwa sponji, akaweka viti vya ngozi na spika zenye kimo cha mtu mzima, na kuwaalika watu wenye uwezo ambao majumbani kwao mtandao ni mbovu. Wanakuja, wanachagua muziki katika maduka ya mtandaoni, Ken anaununua na kuupakua, na jioni wanaondoka wakiwa wameubeba katika kisanduku kidogo cha kuhifadhia. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza kila faili kabla mteja hajafika, nihakikishe haijakatika.

Wateja wakubwa walikuwa wawili: daktari wa meno mjini, na meneja wa shamba la maua upande wa Naivasha. Wanyenyekevu hawakuwa. Sijawahi kuona watu wanaopenda muziki kiasi hicho na kuusikiliza kidogo kiasi hicho. Walipoketi hawakuulizana ni nani anayeimba, waliulizana namba. "Hii ni ngapi?" "Ishirini na nne kwa mia moja tisini na mbili." "Aaa, sasa hiyo ni kitu." Mimi ambaye sikusoma nilieleza jambo hilo kwa Faith hivi: namba hizo ni ukubwa wa debe. Ukichota maji ya matope kwa debe kubwa, umepata matope mengi.

Ken ana kifaa cha kugeuza faili kuwa sauti, chenye taa ndogo mbele. Faili la kawaida likicheza, taa huwa kijani. Faili la ubora wa juu likicheza, hugeuka samawati. Niliwachunguza kwa miezi, na niligundua kwamba waheshimiwa hawa husikiliza kwa macho. Taa ikiwa kijani walikunja nyuso kama watu waliopewa chai bila sukari. Ikigeuka samawati waliegemea nyuma na kufumba macho, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba wameiona.

Jumamosi moja mchana nilivua kitambaa changu cha kichwani nikakitandika juu ya kifaa.

"Mama Berita, unafanya nini?" Ken akauliza.

"Naficha taa. Cheza mbili, moja ya kawaida na moja ya juu. Waseme ni ipi."

Daktari alicheka, akasema hilo ni jambo la mtoto mdogo. Zilichezwa. Alipiga paja lake kwenye ya pili. "Hii! Hii imefunguka kama shimo la Menengai ukisimama ukingoni. Ile ya kwanza ilikuwa imezibwa." Meneja alikubali kwa kichwa, polepole, kama mzee wa kanisa. Niliondoa kitambaa. Taa ilikuwa kijani.

Kisha Daktari akasema kwamba kitambaa kilizuia hewa, mashine ikapata joto, na joto hubadilisha sauti. Kwa hiyo anayeng'oa meno ya watu Nakuru ndiye huyo. Mimi yangu yalikwisha zamani, nashukuru.

Sasa nifike kwa Trufena.

Trufena ni mjane wa Zablon, anaishi Subukia, ni mwanamke wa umri wangu na mgumu kama mimi. Mapema mwaka huu alikuja dukani akiwa amebeba mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kitenge. Ndani mlikuwa na gurudumu la plastiki lililozungushiwa utepe wa sauti, wa aina iliyotumika studio. Studio ile ya Nairobi ilipofungwa, Zablon aliuomba utepe wa wimbo wake, akauweka chini ya kitanda, na ulikaa hapo hadi akafa na baada ya kufa.

"Berita," akaniambia, "unajua bendi zilivyofanya wakati wetu. Wimbo ukifika mwisho, mwimbaji anawasalimu watu wake kwa majina."

"Najua."

"Zablon alirudi kutoka Nairobi akaniambia, nimekutaja. Nikawaambia watu wote. Nikawaambia wanawake wa kanisa. Sahani ilipokuja, wimbo unafifia kabla hajamtaja mtu. Akasema wamekata, sahani haikuwa na nafasi. Dada zake wananicheka mpaka leo. Wanasema kuna mtu alitajwa, lakini si mimi. Sasa mimi nimezeeka. Nataka kujua alinitaja au alinidanganya. Nikimkuta huko waendako watu, nijue nianzie wapi."

Mashine ya Fundi Ochieng' ya kuchezea tepe za namna hiyo ilikuwa bado ipo, chini ya turubai. Niliitunza mwenyewe. Lakini nilipouvuta utepe kidogo juu ya kitambaa cheupe, uliacha vumbi la kahawia. Vijana, sikilizeni hapa: vumbi hilo si uchafu. Vumbi hilo ndilo sauti yenyewe, inabanduka. Utepe wa hali hiyo unaweza kucheza mara moja, na mara ya pili ukatoa mlio wa upepo tu. Ken alisita. Alisema kazi hiyo inahitaji siku nzima na kuunganisha mashine upya, na wateja wanangoja. Alimwambia auache mkebe, arudi baada ya mwezi.

Kabla mwezi haujakwisha, Daktari aliupata wimbo wa Zablon katika duka la mtandaoni la ng'ambo. Maelezo yalisema umetoka kwenye utepe asilia wa studio, kwa namba zile zile kubwa. Aliununua siku hiyo hiyo, ukashuka kwenye kompyuta kuanzia asubuhi hadi saa kumi, nao waheshimiwa wakaketi bila kungoja niusikilize kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yao nikifuta sahani. Taa ikawa samawati. Macho yakafumbwa.

Ubeti wa pili ulipofika, nilisikia tik.

Kitambaa kiliniponyoka mkononi.

"Skiza hicho kijiti, boss!" Daktari alinong'ona. "Unaskia mbao? Hiyo ni mbao kavu kabisa. Kwa kaseti huwezi pata hiyo kitu."

"Na mpigaji amekaa nyuma kidogo, upande wa kushoto," akasema Meneja.

Bendi ya Zablon ilikuwa na magitaa matatu na ngoma moja, wakarekodi wote kwenye maikrofoni moja. Hapakuwa na kijiti wala kushoto.

Wimbo ulififia pale pale ulipofifia kwenye sahani. Ken akageuka kwangu, kwa furaha ya kweli, kwa sababu yeye si mtu mbaya. "Mama Berita, si basi hiyo imeisha? Hii imetoka kwa utepe asilia, na hakuna majina. Yule mama wa Subukia tutampigia simu tumwambie asisumbuke kuja. Utepe wake ni kopi tu."

Hapo nilielewa kilichokuwa mbele yangu. Kama ningenyamaza, Trufena angeambiwa kwa simu kwamba mume wake alimdanganya, na ushahidi ungekuwa kosa langu mwenyewe, limevalishwa suti. Kama ningesema, sikio lisilokosea lingekuwa la mtu aliyeburura sindano kwa kidole na kuwakaripia wengine kwa jambo hilo hilo maisha yake yote. Msidhani nilijitolea mara moja. Nilimaliza kwanza kufuta ile sahani, nikaifuta tena.

"Rudisha ubeti wa pili," nikasema. "Hesabuni hicho kijiti chenu."

"Tuhesabu ya nini, mathe?" Meneja akauliza. Nilimtazama mpaka akajirekebisha. "Mama."

Walihesabu. Kumi na saba.

"Sasa mpigaji wenu wa kushoto amekwenda wapi? Amekwenda kujisaidia?"

"Pengine ni arrangement," Daktari akasema.

"Na kwa nini hafuati ngoma? Sikiliza. Ngoma iko hapa, yeye yuko pale. Hafuati bendi. Anafuata mzunguko wa sahani."

"Mama, na heshima zote, hiyo ni style. Kuna jamaa huko Bahati bado anaicheza hivyo."

Nilikwenda kwenye kabati la Fundi Ochieng', nikapanda kiti, nikatoa mfuko wa unga uliokuwa nyuma ya betri kuukuu. Ile sahani ya Zablon ilikuwa ndani yake tangu kaseti zilipokufa. Niliiweka kwenye mashine, wakaisikia milio kumi na saba, mahali pale pale. Bado Daktari alikuwa na sura ya kutafuta neno. Basi niliishika sahani chini ya taa ya mezani, nikaigeuza taratibu, na mkwaruzo ukang'aa, mstari mmoja mwembamba kukatiza mifereji. Walipouona kwa macho, waliamini.

"Huo mkwaruzo ni wangu," nikasema. "Niliuweka siku yangu ya nane kazini kwa kidole hiki. Fundi Ochieng' aliubeba kwa ajili yangu, na mimi nikawaacha mfikiri nimezaliwa sijui kukosea. Faili lenu ni kaseti yetu. Mtu ameiokota Sachangwan, akaiingiza kwenye kompyuta, akaandika namba kubwa."

Ken aliketi kwenye kiti cha ngozi, kiti cha wateja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Baadaye aliliandikia duka lile la mtandaoni kulalamika. Walimjibu kwamba wanamthamini sana, wakampendekezea nyimbo nyingine anazoweza kuzipenda. Daktari aliomba lile faili lisifutwe bado.

Kwa ruhusa ya Ken niliuandaa utepe wa Trufena kwa siku mbili mchana. Niliuzungusha kwa mkono kutoka gurudumu moja hadi jingine, ukipita juu ya kitambaa laini, kwa mwendo wa mtu anayekunja uzi wa kufumia. Nilisafisha vichwa vya mashine kwa spiriti, nikabadilisha mkanda wa mota kwa ule ambao Fundi aliuficha ndani ya soksi, kwa sababu alijua tutauhitaji na alijua tungeupoteza. Haya ndiyo mambo mnayopaswa kuyajua. Mengine yote mtaambiwa na vijitabu.

Trufena alikuja Jumamosi, amevaa kama anakwenda kanisani. Waheshimiwa walikuwapo, hawakualikwa. Ken alikuwa na wasiwasi, akaunganisha waya haraka na kubonyeza kitufe cha kurekodi kwenye kompyuta. Niliwasha mashine.

Utepe ulipoanza kuzunguka ndipo nilipoiona taa. Ilikuwa kijani. Ken kwa haraka yake aliiacha kompyuta kwenye kipimo cha kawaida. Ningeweza kusema, lakini kusema kungemaanisha kusimamisha, na kusimamisha kungemaanisha kuanza upya, na vumbi la kahawia lilikuwa tayari linaanguka juu ya meza. Niliuacha utepe uzunguke.

Zablon aliimba. Ubeti wa pili ulipita msafi, gitaa likapanda pale nilipolitaka lirudi nilipokuwa msichana, na lilikuwa zuri kama nilivyokumbuka. Tulifika mahali ambapo sahani hufifia. Wimbo haukufifia. Bendi iliendelea, magitaa yakazungukana, naye Zablon akaanza kusalimu. Alimsalimu dereva wa gari la bendi. Alimsalimu mwenye bucha wa Bondeni, kwa jina na kwa jina la baba yake. Alimsalimu mhudumu wa baa moja ya Bahati, mwanamume, nashukuru Mungu. Alimsalimu msimamizi wake kiwandani, na mashemeji wawili, mmoja mmoja. Trufena alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Gitaa likapungua. Utepe uliobaki kwenye gurudumu ulikuwa mwembamba kama kidole.

"Na wewe Trufena," akasema Zablon, si kwa kuimba, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni, "usifunge komeo, nakuja na unga."

Kisha mwisho wa utepe ukachomoka, ukawa unapiga mashine, pa, pa, pa, na mimi nikaizima.

Daktari alikuwa anafuta miwani. Meneja aliangalia sakafu. Hakuna aliyeuliza ni ngapi kwa ngapi, na ile taa ya kijani haikutazamwa na mtu.

Trufena aliuweka mkoba magotini. "Dereva kwanza," akasema. "Mwenye bucha, na mtu wa baa, na ndugu zangu ambao hata hakuwapenda. Halafu mimi."

"Lakini amekutaja, Mama," Ken akasema.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Akanigeukia. "Lakini Berita, ile pete imekwenda wapi?"

"Pete gani?"

"Kwa ubeti wa pili. Pete yake ya ndoa ilikuwa inagonga gitaa, tik, tik. Kwa kaseti yangu iko. Tangu azikwe naisikiliza. Hapa sijaisikia."

Ken alinitazama. Waheshimiwa walinitazama. Kukiri mbele ya watu wanaosikiliza kwa macho kulikuwa kumeniumiza kiburi tu. Hili lilikuwa jambo jingine, na naapa nilitamani Fundi Ochieng' atoke chumba cha nyuma aseme sindano ilikuwa mbovu.

"Haikuwa pete, dada," nikasema. "Ilikuwa mimi. Nilikwaruza sahani."

Alinitazama kama mimi nilivyowatazama wale vijana watatu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi nalala na Berita nyumbani."

"Inaonekana hivyo."

Alifungua mkoba, akatoa leso, akajipangusa pua, akaufunga mkoba. Kisha akamwambia Ken, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari, "Niwekee zote mbili. Hii yenye jina langu, na ile yenye pete."

"Trufena, nimekwambia si pete."

"Nimesikia," akasema. "Weka."